Kesho Sitakuita

Mapendo mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi tumeamkiana na jioni tutakula sahani moja. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mama yako yuko nyuma ya nyumba, anatwanga sombe, majani ya muhogo, ya kukuaga. Mimi nimefunga kibanda cha baiskeli mapema, nimewadanganya wateja kwamba nina homa, na nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu hapa hakuna mtu atakayekuja kuniuliza naandika nini. Homa sina. Ninachougua ni safari yako ya kesho.

Mambo ya sabuni, ya kufuli, ya kutopanda boda boda ya mtu anayenuka pombe, hayo mama yako ameanza kukuambia tangu juzi na ataendelea mpaka dereva awashe gari. Sitamnyang'anya kazi yake. Mimi nina jambo moja tu, na kila nikijaribu kulisema kwa mdomo naanza kukohoa, halafu najikuta nakuuliza kama umekunja blanketi. Jana ulinijibu, "Papa, iyi blanketi unaniuliza mara ngapi?" Ukacheka, nami nikacheka, na jambo likabaki kooni. Basi naliandika. Utavumilia Kiswahili changu cha kitabu. Mama yako akikiona atasema nimejigeuza askofu.

Jambo lenyewe ni woga. Ninasema woga wako na wangu pamoja, maana nimekuja kugundua kwamba ni mmoja, na kwamba ulitoka kwangu ukaingia kwako.

Kesho unarudi Mbarara, kwa Hajati, kwenye cherehani ile ile uliyoiacha mwanzo wa kiangazi. Watu wanasema yao. Yule jirani yetu auzaye samaki wadogo wa ndagala alinipa pole jana, akanishika bega: "Usijali, atarudi tu." Alidhani ananifariji. Najua na wewe umeyasikia maneno ya namna hiyo. Najua pia kwamba Hajati amekubali kukupokea safari hii, lakini amesema hakutakuwa na safari nyingine, na ana haki, kwa sababu duka lina wateja na wateja hawangoji. Ukirudi tena sidhani kama utathubutu kutoka hapa kambini Nakivale. Utaketi kwenye kibanda changu ukinishikia spana hadi nywele zako ziote mvi. Hilo ndilo ninaloliogopa leo kuliko yote niliyowahi kuyaogopa. Na nisikufiche, kuna upande wangu mwingine unaolitamani.

Nianze na siku ile uliyoanguka. Wewe unaijua nusu yako. Nusu yangu hujawahi kuisikia.

Tangu asubuhi nilikuwa nakubipu na hujibu. Mpango wetu unaukumbuka: nabipu, simu yako inalia mara moja, nakata. Nawe unabipu, yangu inalia mara moja, unakata. Maana yake uko salama, na hakuna kredi iliyotumika. Nilijisifia ujanja huo kwa kila mtu aliyeniletea baiskeli. Nilikubipu ukiamka, ukifika dukani, ukila, ukifunga duka, na katikati ya hapo kila mara woga uliponipitia, na woga ulinipitia kama watu wapitavyo njia ya sokoni. Siku hiyo hukujibu. Nilikuwa nimeinamia gurudumu la mteja, mikono ina grisi, na kila baada ya muda mfupi naifuta kwenye suruali nabipu tena. Mwenye baiskeli aliniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema hapana, nina binti Mbarara.

Halafu simu ikalia kweli. Namba siijui, sauti ya mama mtu mzima, ananiita bwana kwa lugha ya huko. "Sebo, wewe ni baba ya Mapendo? Kuja Mbarara. Mtoto naanguka hapa kwa duka, anasema anakufa. Sisi napeleka yeye Ruharo."

Safari ya kwenda huko siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba niliingia hospitalini na grisi yangu mikononi, nikakukuta kwenye benchi umeshika kikombe cha maji, na Hajati ameketi pembeni yako, amekufunika magoti kwa mtandio wake. Nesi alisema wamekupima moyo, wamekupima damu, vyote sawa. "Ni woga ulimshika, muzee," alisema, "akavuta pumzi mbio mbio mpaka vidole vikakufa ganzi. Inaogopesha sana, lakini inapita." Nilitaka kumuuliza maswali, na hapo ndipo ulipoinua macho. Hukunisalimia. Hukusema unaumwa wapi. Ulisema, "Papa, simu ilikufa, moto ya kuchaji haikukuwa tangu jana. Ulinibipu?"

Mwanangu, nimefukuzwa kwetu, nimelala njaa, nimezika wazazi wangu bila kuwaona, na bado sijui kama kuna neno lililowahi kunikata kama lile. Ulikuwa umetoka kudhani unakufa. Na swali lako la kwanza likawa mimi, kwamba nimekaa bila jibu lako.

Hajati alinivuta nje, akanisema pale karibu na lango, watu wakipita. "Sebo, mimi nalea watoto mingi, ya kwangu na ya watu. Huyu nashona muzuri kabisa. Lakini kila saa naangalia simu, naangalia simu. Simu nanyamaza, yeye natetemeka. Wewe natafuta nini kwa yeye?"

Nilimjibu kwa Kiswahili chake. "Mimi nataka yeye akuwe salama."

"Yeye iko salama," alisema. "Wewe ndio hapana."

Nilimkasirikia sana. Nilijisemea moyoni, huyu mama mwenye duka lake mtaa wa Kakoba, ambaye hajawahi kukimbia na mtoto mgongoni, anajua nini kuhusu usalama? Nikarudi ndani na hasira hiyo. Ulikuwa umesimama, begi lako liko miguuni, maana Hajati alikuwa amemtuma mtu akuletee nguo. Ukasema kwa sauti ndogo, "Papa, nilikuwa naona labda nirudie nyumbani..." na mimi nilikuwa nimeshalishika begi. Sikukuacha umalize. Baadaye nimekaa kibandani nikifikiri kwamba huenda ulitaka kusema nirudi nyumbani nipumzike kidogo, kisha nirejee. Huenda ulitaka niseme hapana. Sikukuuliza. Garini ulilala begani kwangu njia nzima, na Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Binti yangu amevunjika na mimi nina furaha, kwa sababu yuko pale ninapoweza kumgusa.

Sasa nikueleze ulikotoka woga huu, kwa kuwa ulikuwa mdogo mno na huenda unaukumbuka vipande vipande tu.

Tulipokimbia kutoka Kivu Kusini nilikuwa na baiskeli. Wewe nilikufunga kwenye kariya kwa kitenge cha mama yako, mdogo wako Amani alikuwa mgongoni kwake, bado ananyonya. Tulitembea gizani bila tochi na watu wengi, na watu wengi gizani ni hatari, mtoto anaweza kufuata miguu isiyo ya mama yake. Kwa hiyo nikaanza kuita. Nilikuwa mbele nasukuma baiskeli, naita kwa sauti ya chini: "Mapendo?" Unajibu, "Niko." "Mama Mapendo?" Naye, "Niko." Amani hakujua kusema, mama yako alimjibia. Tunatembea kidogo, naita tena. Neno hilo moja ndilo lililonivusha ile njia.

Usiku mmoja niliita na hukujibu. Niliangusha baiskeli, na wewe ukiwa juu yake. Nilikupapasa gizani, nikakukuta upo, ulikuwa umesinzia tu, kichwa kimelala upande. Mzazi mwenye akili angekubusu. Mimi nilikutikisa mabega nikakukaripia: "Nikiita unajibu! Unasikia? Nikiita, unajibu!" Ulilia, na mama yako akakuziba mdomo kwa mkono kwa sababu tulikuwa tumeambiwa tusipige kelele. Tangu usiku huo hukuwahi kukosa kujibu, hata mara moja. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami nilikulea hivyo, katika usiku mmoja.

Njia iliisha. Tulipewa kiwanja hapa, tukajenga, tukapanda muhogo, Amani akajifunza kutembea na kisha kuiba sukari. Lakini kila tulipozima taa nililala chali na kuita. "Mapendo?" "Niko." "Amani?" "Niko." Mama yako alianza kwa kunionea huruma, akamalizia kwa kuchoka. "Papa Mapendo, hapa hatuko tena mu njia. Acha batoto balale." Nami, "Minaita tu, si mubaya." Majirani walitucheka. Unakumbuka shemasi aliyelala kwetu wakati wa mvua? Nikaita Mapendo, nikaita Amani, na yeye kutoka chini kwenye mkeka akajibu, "Niko!" Tulicheka mpaka mama yako akapaliwa. Lakini hata baada ya kicheko kile sikuacha. Uliingia sekondari, ulianza kufunga kitambaa kichwani kama mwanamke, na bado ulitoka usingizini kila usiku ili unijibu. Wakati mwingine nilisikia unajibu kabla sijaita.

Mtu angeniambia niache ningemtolea methali yangu: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Niliipenda sana methali hiyo. Ni kweli, kunguru mwoga hufika na ubawa wake mzima. Ila nilisahau kwamba akishafika anatakiwa kuutumia.

Mwili wangu ulinionya, nikaukatalia. Unajua jinsi nilivyokuwa nakwenda zahanati kila mara kupimwa malaria. Jasho, moyo kudunda, tumbo kukaza, mikono baridi juani. Nikasema malaria. Wakinipima, hakuna. Nikasema basi ni tansio, presha ya damu. Wakinipima, hakuna. Yule mama mpimaji aliniuliza siku moja, "Papa, unalalaka?" Nilijibu nimekuja kutobolewa kidole, sikuja kuulizwa habari za kitanda changu. Nikatoka nimejaa hasira, nikanunua dawa za malaria hata hivyo. Mwanaume wa kwetu yuko tayari kuugua ugonjwa wowote alimradi usiitwe woga.

Nakuandikia haya ili siku moyo wako utakapoanza kukimbia usifanye kama mimi, usiutafutie jina la uongo. Uite woga. Hata nesi wa Ruharo aliuita hivyo na dunia haikuanguka. Na kama siku moja utauona umezidi, umekunyima kula na kulala, rudi kwao ukawaambie. Walikupima bila kukucheka. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha wangu mpaka ukazaa kwako.

Uliporudi mwanzo wa kiangazi nilidhani nimepona. Uko ndani, taa imezimwa, naita. "Mapendo?" Ukajibu, "Niko." Lakini safari hii niliisikia sauti yenyewe. Ilikuwa ya mwanamke mzima aliyechoka, na ilikuwa sauti ile ile ya kwenye benchi: Papa, ulinibipu? Sikumwita hata Amani. Yeye akauliza gizani, "Na miye?" Mama yako akamwambia alale.

Kesho yake niliamua sitaita. Mwanangu, usidhani nilikuwa jasiri. Jioni iliyofuata, jua linazama tu, mikono ilikwisha kuanza kutetemeka, kama mtu aliyeacha tumbaku. Nilikuwa nazunguka nyumba, naingia, natoka, nahesabu vyombo visivyo vyangu. Mama yako alikuwa anatwanga pale nyuma. Akaona nimempitia tena na tena, akaniwekea mchi mkononi. "Twanga. Kama unatembea tu hivi kama kuku ya kutaga, utanitia kichaa."

Mimi, kutwanga sombe! Unajua kwetu mwanaume akishika mchi watu hutoka nje kuangalia. Walitoka. Yule wa ndagala alipiga kelele kutoka barabarani, "Leo Papa Mapendo amekuwa mama!" Nilitwanga kwa hasira, nikabana pumzi, nikachoka mara moja. Mama yako akasema, "Hapana hivyo. Muchi unashuka, pumzi inatoka. Usiibane. Iache yote iishe, halafu ndiyo uinue." Nikajaribu. Mchi unashuka, hhhh, pumzi inatoka mpaka inaisha. Mchi unapanda, inaingia yenyewe. Harufu ya majani mabichi inapanda na kukupiga puani. Visigino viko chini, unavisikia. Sijui nilitwanga kwa muda gani. Nilipoacha, woga ulikuwepo bado, sikudanganyi, lakini ulikuwa umekaa chini, na mikono ilikuwa yangu tena. Nikamuuliza mama yako kama miaka yote hii alikuwa anajua siri hiyo. Akanitazama kama mjinga. "Siri gani? Mi nilikuwa natafuta tu mboga."

Tangu hapo sombe ya nyumba hii naitwanga mimi mara nyingi, na sasa umeelewa kwa nini tumeila hivyo kiangazi chote.

Wewe huko huna kinu. Una cherehani. Kwa hiyo nimefikiri, na unisahihishe wewe mwenye kazi: woga ukija, weka miguu yote miwili kwenye pedali, anza mshono, na utoe pumzi pole pole mpaka sindano ifike mwisho wa kitambaa. Usikimbilie kuvuta nyingine. Itaingia yenyewe. Ukishona mishono michache ya namna hiyo, angalia mikono yako kama imerudi. Kama Hajati atakuona unashona vitambaa chakavu visivyo na mteja, mwambie. Kwa kweli mwambie kabla hajakuona. Mwambie siku ya kwanza, "Hajati, mimi nashikwaga na woga, nikishikwa nifanye hivi." Yule mama nilimkasirikia bure. Alikufunika magoti kwa mtandio wake na mimi nilikuwa nafikiria simu.

Kakoba patakupigia kelele. Nilipafikia siku ile kuchukua vitu vyako vilivyobaki, na pikipiki zinapiga honi kana kwamba kila mtu ana mgonjwa garini. Hata mimi nilishika ukuta. Lakini nilisimama pale kidogo nikaona kitu: wauza nyanya wanacheka katikati ya honi hizo hizo, mtoto amelala kwenye boksi. Honi si habari mbaya. Kwetu njiani kila kelele ilikuwa habari mbaya, na mwili wangu ulijifunza hivyo, ukakufundisha na wewe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Shtuka, hakuna ubaya. Kisha angalia vizuri kama ni nyoka au ni unyasi, na mara nyingi Mbarara utakuta ni kijana wa boda boda anatafuta abiria.

Halafu kuna neno "usiogope." Nimekuambia neno hilo tangu utoto wako, na kila nilipolisema mikono yangu ilikuwa inatetemeka na wewe ulikuwa unaangalia mikono. Mtoto haamini mdomo. Kwa hiyo silisemi tena. Ogopa, mwanangu, ukiogopa. Ogopa huku umekaa kwenye cherehani. Ogopa huku unanunua mchicha. Mimi nilikuwa nadhani kwanza woga uondoke, ndipo mtu aishi. Nimesubiri sana, na sombe ndiyo iliyonifundisha kwamba unaweza kutwanga na woga ukiwa umekaa pembeni unakuangalia.

Mchungaji nilimwendea pia. Aliniambia niombe, na naomba. Lakini nimegundua kwamba hata maombi yangu yalikuwa ya kubipu. Namwita Mungu, na kabla hajapokea nakata, naita tena. Siku hizi najaribu kukaa kimya kidogo baada ya kuita. Ni vigumu. Nakuambia tu kwamba najaribu.

Ulipotuambia wakati wa chakula, "Papa, narudia kwa Hajati," mama yako alinitazama mimi, hakukutazama wewe. Nikasema, "Sawa." Uliniona mtulivu, na nilifurahi kwamba uliniona hivyo. Kisha nikaenda kibandani kunyoosha gurudumu la mtu, nikazikaza spoku zote kwa nguvu bila kusikiliza mlio wa kila moja, na gurudumu lililokuja limepinda kidogo likaondoka limepinda sana. Nilimlipa mwenye gurudumu rimu nyingine. Kwa hiyo usidhani baba yako amepona. Amejifunza tu kuharibu magurudumu badala ya kuharibu binti yake.

Kesho itakuwa hivi. Begi lako nitalibeba mimi mpaka kwenye gari. Ni lile lile nililolishika Ruharo kabla hujamaliza kusema. Safari hii nitalitia mkononi mwako wewe, nawe utapanda, na nitageuka kabla gari halijaondoka. Utaona mgongo wangu. Usiufikirie vibaya. Nakwenda kutwanga, na majirani watacheka, na wacheke.

Simu yangu nimempa mama yako aifiche. Leo mchana nilikwisha kumwomba mara moja, eti niangalie saa. Akanionyesha jua. Sitakubipu. Usipobipu sitahesabu. Usiku taa ikizimwa nyumba hii itakuwa kimya, na Amani atalala kama watoto wengine wanavyolala, na mimi nitatoa pumzi yangu mpaka iishe.

Nakusikia unakuja, unaimba ile sauti ya pili ya kwaya, na mama yako anakuuliza kama wamekupa chakula. Karatasi inaisha. Angalau lile blanketi nililokusumbulia limepata kazi: barua hii nitaikunja katikati yake, uikute Kakoba siku utakayolitandika.

Neno la mwisho, mwanangu. Miaka yote hii mimi ndiye niliyeita na wewe ndiye uliyejibu. Tuliigeuza kazi hiyo juu chini pale njiani, na sikumbuki kama niliwahi kuirudisha. Mtoto ndiye wa kuita. Mzazi ndiye wa kujibu. Basi narudisha leo. Ukishikwa na woga katikati ya honi zile, usitafute simu kwa ajili yangu. Weka miguu chini, jiite jina lako mwenyewe, na ujijibu mwenyewe. Halafu ukitaka kuniita na mimi, mchana au usiku, kwa simu au kwa moyo tu, kwa sababu kubwa au bila sababu, ita. Jibu langu usilingoje, nakuandikia hapa kabisa.

Mapendo, mimi baba yako.

Niko.